Maji ya Gari Langu, Aibu ya Mama Mkwe

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, mama mkwe wangu alishuka kwenye gari langu mbele ya wageni wa kwanjula, sherehe ya kutambulisha wachumba, na upande wa nyuma wa gomesi yake, lile gauni refu la heshima, ulikuwa umelowa chapachapa. Kosa lilikuwa langu. Nilijua ni langu kabla hajapiga hatua ya pili. Nikanyamaza!

Naomba mnivumilie nieleze kwa utaratibu, maana mimi ni mtu wa utaratibu, na utaratibu huo ndio ulioniponza.

Mimi si Mganda kwa kabila. Baba yangu alikuwa dereva wa polisi, nilikulia kwenye kota za Naguru, Kampala, na Kiswahili ndicho tulichogombania nacho na kuombea nacho msamaha. Shule niliiacha mapema. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe: umeme wa nyumba, kutengeneza redio, kushona viatu, hesabu za duka. Nikitaka kujua jambo, nasoma, natazama video, naandaa vifaa, nafanya. Kumlipa mtu kwa kazi ninayoweza kuisoma huwa naona ni uvivu.

Mke wangu ndiye Mganda. Na kwao kuna mwiko ambao lazima niueleze, la sivyo hamtaelewa kwa nini mambo yalifika yalikofika. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Hawaketi kiti kimoja, wala hawapigi soga. Wanasema ukivunja mwiko huo mikono itaanza kukutetemeka. Siku hizi watu wa mjini wamelegeza kidogo, na mama mkwe alikubali kupanda gari langu, lakini kwa masharti: yeye nyuma, pembeni kabisa, upande usio wa dereva, mke wangu mbele, na maneno yote yapitie kwa mke wangu.

"Mwambie mume wako apunguze mwendo."

"Mama anasema upunguze mwendo."

Nimesikia. Niko umbali wa mkono mmoja. Lakini nasubiri mpaka niambiwe.

Sasa, gari. Gari langu ni dogo, jeupe, la mkono wa pili, na lilikuwa linavuja. Kila baada ya mvua, zulia la nyuma lilinuka kama mbwa aliyeogeshwa. Fundi mmoja alilitazama akasema tatizo ni juu: ile mikanda miwili ya mpira inayopita pembeni mwa paa, kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma. Chini ya kila mkanda kuna mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji kuna mshono wa bati. Gundi ya mshono ikizeeka, inapasuka. Mikanda ing'olewe, mshono uzibwe upya, mikanda irudi. Shilingi elfu themanini.

Nikamshukuru, nikaenda nyumbani kuisoma hiyo kazi.

Mke wangu alinikuta uani nikiwa nimezungushia kitambaa mpini wa mwiko wake wa kusongea posho, yaani ugali, ili kung'olea mikanda bila kukwaruza rangi.

"Baba Zuhura, huo si mwiko wangu?"

"Ni wa muda."

"Kwanjula ya mdogo wangu ni Jumamosi. Gari ndiyo itambeba Mama. Kwa nini usimpe fundi tu?"

"Fundi ataharakisha," nikamwambia. "Mimi sitaharakisha."

Na kweli sikuharakisha! Niling'oa mikanda taratibu, kibanio kwa kibanio. Nilikwangua gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki. Nilisafisha mfereji kwa spiriti na matambara niliyonunua soko la Owino. Nilibandika utepe wa karatasi pande zote mbili ili silikoni isiguse rangi. Nikaziba mshono wote, nikausawazisha kwa kidole kilicholowekwa maji ya sabuni. Ndugu zangu, ulikuwa mshono wa kupigwa picha! Nikaupiga.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa naandika.

Lakini niliporudisha mikanda niliona kwamba kule mwisho wake, nyuma karibu na buti, mfereji una mdomo uliobaki wazi. Mdomo mdogo, unaingia ncha ya kidole. Nikautazama kwa muda. Nikajiambia: hapa ndipo maji yanapoingilia, na fundi asingepaona! Nikaujaza silikoni. Na wa upande wa pili nao nikaujaza. Na ya mbele nikaijaza. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama kazi yangu, nikajiona mtu mwenye akili kuliko kiwanda.

Kwa mtu ambaye hajaelewa: mdomo ule ndio njia ya maji kutokea. Mvua inaanguka juu ya paa, inaingia mferejini, inateremka, inatoka nyuma. Mimi nilijenga mabwawa mawili juu ya paa la gari na kuyafunika kwa mpira.

Nilifanya majaribio, msidhani sikufanya. Jirani yangu alinimiminia jerikeni moja juu ya paa nami nikiwa ndani na tochi. Hakuna tone! Nilitoka nimevimba kichwa. Sikujiuliza kwamba jerikeni huisha kwa dakika moja, na mvua ya Kampala haina dakika moja.

Mvua ilinyesha Alhamisi usiku, ikanyesha Ijumaa usiku. Jumamosi alfajiri nilikwenda kukagua. Nikapitisha kiganja juu ya kiti cha nyuma: kikavu. Nikapitisha karatasi ya chooni: kavu. Nikamwita mke wangu aje aguse. Akagusa, akasema, "Kale, umeweza." Yaani haya basi, umeshinda. Nilifurahi mno.

Nilichosahau ni kwamba viti vyangu vina kava la plastiki, lile linalofanana na ngozi. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mfereji, yakapata tundu la kibanio kimoja ambapo silikoni yangu ilikuwa imebanduka, yakateremka ndani ya nguzo ya nyuma, yakaingia chini ya kava, yakanywewa na sponji. Juu pakavu kama meza. Chini ziwa! Na maji hayo hayatoki mpaka mtu akalie.

Mama mkwe wangu ni mwanamke mwenye mwili, namshukuru Mungu kwa afya yake. Tulimchukua kwake Kabalagala, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe kabla baa hazijaizunguka. Alikuwa amevaa gomesi mpya ya hariri, rangi ya siagi, mshipi wa dhahabu kiunoni. Akaketi pembeni kabisa, upande usio wa dereva. Upande wa tundu!

Tulikuwa tunaelekea Gayaza, kwa kaka wa marehemu, ambako sherehe ilifanyika. Tulipofika kwenye foleni ya Kalerwe nikasikia nyuma yangu:

"Mwambie mume wako kuna baridi."

"Mama anasikia baridi."

Nikazima feni. Nikapandisha vioo.

Baada ya muda: "Mwambie baridi yenyewe haitoki dirishani."

Mke wangu akageuka. "Inatoka wapi, Mama?"

Mtu mwenye heshima zake atasemaje, ndani ya gari la mkwe wake, mahali baridi inapotokea? Akasema, "Basi, twende tu."

Na kila tuliposhuka kishimo cha barabara, sponji ilikuwa inabonyea na kumpa maji mengine.

Ndipo tukafika. Hema mbili zimejaa, muziki unapiga, shangazi za bibi harusi wamejipanga mlangoni kupokea. Mama mkwe akashuka, akajinyoosha, akageuka kuchukua mkoba wake.

Hariri ya rangi ya siagi ikilowa inakuwa rangi ya chai.

Ssenga, shangazi mkubwa wa mke wangu, mwanamke ambaye hata mapadri humwogopa, alikuwa wa kwanza kuelewa, au kudhani ameelewa. Akapiga makofi mara moja. Akina mama wakamzunguka mama mkwe pande zote, mabega kwa mabega, wakamwingiza ndani kama waziri anayelindwa. Mimi nilivua koti langu nimfunike. Lakini kumpa siruhusiwi! Nikampa mke wangu ampe. Mke wangu akampa Ssenga. Ssenga akageuka, na mama mkwe alikuwa ameshaingia ndani.

Niliinama ndani ya gari, nikabonyeza kiti kwa ngumi. Maji yakapanda kwenye mishono ya kava, yakaizunguka ngumi yangu.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sentensi moja tu: gari langu linavuja. Lakini wiki nzima nilikuwa nimewatumia picha za ule mshono kwenye kundi la familia la WhatsApp. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ameuliza kama naweza kumfanyia na lake. Nikafunga mlango wa gari. Nikaenda kuketi chini ya hema. Nikala pilau!

Jioni shemeji akanivuta kando. Alikuwa na huzuni usoni.

"Shemeji, tusamehe. Mama amezeeka. Hatukujua kama imefika hapo."

"Hakuna neno," nikasema.

"Kiti chako..." Akaingiza noti ya elfu hamsini kwenye mfuko wa shati langu. "Kakioshe. Na tafadhali, ibaki kwetu."

Nikaichukua. Ndiyo, niliichukua!

Kuanzia hapo uongo wangu ukawa unatembea bila mimi kuusukuma. Ssenga alishika uongozi wa ugonjwa ambao haukuwepo. Mama asinywe chai baada ya saa kumi. Kisha asinywe chai kabisa. Mama mkwe ni mtu wa chai. Birika lake halijawahi kupoa tangu nimjue. Wakampa maji ya mizizi fulani, machungu, kwa kijiko. Wakamtandikia plastiki kitandani. Na aliyetumwa duka la dawa kununua nepi za watu wazima, kwa sababu ana gari na ni mtu wa siri, alikuwa nani? Mimi.

"Saizi gani?" akauliza binti wa dukani.

"Kubwa," nikasema.

"Ni za kwako, ssebo?" Yaani bwana.

Nilitaka kusema hapana. Lakini nikaona angalau hapo ningebeba sehemu ya aibu. "Ndiyo," nikasema. Akanipa na ushauri wa mazoezi!

Nyumbani nilipata nafasi mke wangu akiwa kazini. Niling'oa mikanda tena. Kulikuwa na maji yamelala humo, na viluwiluwi vya mbu ndani yake. Nilikuwa nafuga mbu juu ya paa! Nikatoboa ile midomo yote minne niliyoiziba. Maji yakatoka yenyewe, bila kusukumwa, kama yaliyokuwa yakisubiri mtu mwenye akili. Nikaanika sponji nyuma ya nyumba, na mke wangu aliporudi nikamwambia naosha kiti kwa sababu ya ile ajali ya mama. Tazameni nilipofika! Nilimsingizia mara ya pili, na mwanawe akaniambia asante.

Kisha ikatangazwa habari ya kanisa. Ndoa ilikuwa inakaribia. Mama wa bibi harusi huketi kiti cha mbele kabisa, na ndiye anayesimama na binti yake wakati wa kupiga picha. Ssenga akaamua: ibada ni ndefu, mama hawezi kuhimili, ataketi nyuma karibu na mlango. Kiti cha mbele atakalia dada yake. Yule dada ambaye, kila mtu anajua, amekitamani kiti chochote cha mama mkwe tangu walipokuwa wasichana.

Nilidhani mama mkwe atapinga. Ni mwanamke aliyewahi kufukuza mwenye baa kwa fagio. Lakini mke wangu alirudi kutoka Kabalagala macho mekundu, akaketi kitandani.

"Mama amekubali," akasema. "Unajua ameniambia nini? Ameniambia, 'Mwanangu, sikuhisi kitu. Nilijua tu kwamba kuna baridi. Kama mwili umefika mahali unafanya mambo bila kuniambia, basi hata akili itafuata.' Hataki hata kunywa maji sasa. Anaogopa."

Sikulala vizuri tena. Mikono yangu ilianza kutetemeka, Mungu ni shahidi. Sikumgusa mama mkwe hata kidogo, lakini ilitetemeka!

Jumapili familia ilikutana Kabalagala kupanga magari ya harusi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake barazani, mbele yake hakuna kikombe. Mimi niliketi kule mwisho wa ua, umbali wa heshima. Ssenga alipofika kwenye suala la nani akae wapi kanisani, nikasimama.

"Mama Zuhura," nikamwita mke wangu. "Mwambie mama kwamba hakujikojolea."

Mke wangu akanitazama. "Nimwambie nini?"

"Mwambie maji yalikuwa ya mvua. Yalitoka kwenye sponji ya kiti. Mwambie niliziba njia ya maji juu ya paa."

"Mama," mke wangu akaanza, sauti inapanda kila neno, "mume wangu anasema kwamba... maji yalikuwa ya mvua... na kwamba aliziba..." Akaacha. Akanigeukia. "Ulijua lini?"

"Hilo usimwambie."

"Ulijua lini, Baba Zuhura?"

"Palepale Gayaza."

Hilo mama mkwe hakusubiri kutafsiriwa. Nilimwona akiinua kichwa.

"Huyu anamtetea mama tu," Ssenga akasema. "Ana moyo mzuri. Mkwe wetu, keti."

Fikirieni! Nakiri, na bado nasifiwa! Nikaona hakuna njia nyingine. Siku ile nilikuwa nimekwenda tayari. Nilikuwa nimerudisha silikoni kwenye midomo ya mfereji, kama ilivyokuwa, na usiku kucha mpira wa bustani ulikuwa umemwaga maji juu ya paa. Nikawaomba wote watoke getini. Nikamwita shemeji apitishe mkono kwenye kiti cha nyuma.

"Kikavu," akatangaza.

Nilikuwa nimevaa suruali ya rangi ya kijivu nyepesi, niliyoichagua kwa kazi hiyo. Nikaingia. Nikaketi pembeni kabisa, upande usio wa dereva. Nikamwomba shemeji aendeshe mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, apite mashimo yote. Hakuruka hata moja. Vijana waliokuwa wanaota jua nje ya baa walitutazama tukipita, mtu mzima ameketi nyuma peke yake, wima, anasubiri kulowa.

Tuliporudi nikashuka, nikageuka, nikawaonyesha.

Sitaeleza. Ilikuwa dhahiri hata kutoka barazani.

Ssenga akaziba mdomo kwa kiganja. Shemeji akasema, "Shemeji! Na elfu hamsini yangu?" Mke wangu hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Mama mkwe alinyanyuka taratibu, akaja mpaka ukingo wa baraza. Kisha akafungua kinywa, na akaongea na binti yake, kama desturi inavyotaka.

"Mwambie mume wako azunguke tena. Sikuona vizuri."

"Mama anasema uzunguke tena."

Nikazunguka. Mara mbili. Mara ya pili alikuwa anacheka mpaka ameshika nguzo ya baraza, na wanawake wote wanacheka, na hata mwenye baa, yule wa fagio, alikuwa ametoka kuangalia. Kisha nikasikia sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeikosa.

"Chai! Nani ameficha birika langu?"

Alikunywa vikombe vitatu, bila kupumzika, mimi nikiwa nimesimama juani kwa sababu hakuna aliyetaka niketi kwenye kiti chake. Alipomaliza akatoa hukumu, kupitia kwa mke wangu. Ataketi kiti cha mbele kanisani. Atakwenda kanisani kwa gari langu, likishatengenezwa na fundi. Na mimi nitamnunulia gomesi nyingine, ya rangi ileile, kwa sababu haogopi tena.

"Na mwambie," akaongeza, "siku nyingine nikisema nasikia baridi, aniulize mara ya pili."

Nimeambiwa. Na hili ndilo ninalowaomba nanyi. Si kwamba msijifundishe, jifundisheni. Ng'oeni mikanda yenu, kwangueni, zibeni mshono. Lakini kabla hujaziba tundu lolote, jiulize aliyeliweka alikuwa na maana gani. Acha midomo ya mfereji wazi. Bonyeza sponji kwa ngumi, usiipapase. Na ikishakwenda vibaya, sema siku hiyohiyo, uwanjani, mbele ya watu! Kila siku unayonyamaza kuna mtu anayenyimwa chai kwa ajili yako.

Mke wangu ameanza kuongea nami tena, hasa kuhusu mwiko wake. Shemeji nimemrudishia hamsini yake. Gomesi ilikuwa laki nne na nusu. Fundi, alipoona silikoni yangu, alipandisha bei mpaka laki moja na nusu, na sikubisha. Sponji na kava, laki moja na ishirini. Silikoni, spiriti na matambara, thelathini na tano. Nepi za watu wazima, saizi kubwa, pakiti haijafunguliwa, arobaini. Anayezihitaji kweli nitampa bure na sitamuuliza neno.

Nikitoa zile elfu themanini ambazo ningemlipa fundi siku ya kwanza, akili yangu imenigharimu shilingi laki saba na elfu kumi na tano.